Yusta Anasoma Kitabu Kilichogeuzwa

Kitahana, Ijumaa, Machi 2014. Mvua tangu asubuhi, nguo hazijakauka, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Niseme ukweli. Mwaka mzima nimetamba kisimani kwamba Yusta wangu, wa darasa la nne, anasoma kitabu kikiwa juu chini. Wenzangu walinichoka. "Mama Yusta, hebu tupumzishe!" Mimi nikajibu kipaji hicho karithi kwangu.

Juzi ndipo nikamuuliza alijifunzaje. Akasema, huku anachambua maharage, kwamba kitabu ni kimoja, wanakizunguka watoto sita, na yeye hukaa upande wa pili.

Kisimani sikutamba tena.

Leo afisa elimu kaja kwenye mkutano wa wazazi, darasani. Mwalimu mkuu akamweleza kuwa ruzuku ya serikali ya vitabu inatufikia nusu tena imechelewa, na kuna shule za mjini zinapata yote. Afisa akatwambia wazazi tuchange.

Nikasimama. "Mwakeye!" nikasalimia kwa Kiha, darasa zima likaitika. Nikachukua kitabu, nikakigeuza, nikakiweka mbele yake.

"Mheshimiwa, tusomee mistari miwili tu."

Akacheka, akajaribu. Neno la tatu likamshinda, shingo kaipinda kama kuku anayetafuta mtama.

"Zunguka meza, mzee!" baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Tulicheka hadi machozi.

Nikamwita Yusta. Akausoma ukurasa wote bila kukwama, sauti kama mtangazaji wa redio. Jamani, mwanangu!

Nikamwambia afisa, "Huyu tumemkalisha upande huo sisi wakubwa. Tofali tumefyatua, choo tumechimba. Vitabu serikali itupe sawa na wengine."

Kicheko kikaisha. Afisa akavua miwani, akasema tuandike barua, ataipeleka kwenye kikao cha madiwani Kibondo mjini, na mimi niende kuieleza.

Vitabu bado havijaja, najua. Ila barua tumeiandika palepale na wazazi wote wameweka sahihi, wengine dole gumba.

Nina furaha, na nina woga. Mimi wa darasa la saba, Kiswahili changu cha Kiha, nitasimamaje Kibondo mbele ya watu wenye tai?

Nitasimama. Na kitenge kipya nitavaa.