Kuku Wanadonoa Bampa

Ijumaa, Juni 1996

Na mume wangu mwenyewe anasema gari limependeza!

Ile rangi nzito ya mpira tuliiagiza Dar kwa ajili ya kupulizia ndani ya bodi ya pikapu, maana bati limeoza na kingo zake zinachana magunia. Msimu uliopita tulimwaga mpunga njia nzima kutoka Idete. Nilidhani tumeelewana.

Leo mume wangu kaenda kwa fundi Kibaoni, kamwambia apulizie bampa, madigadi na vitasa vya milango. Eti aliona gari la namna hiyo Morogoro.

"Na bodi je?" nikamuuliza.

"Mama Neema, gari ni sura. Bodi nani anaiangalia?"

"Mpunga."

Akaenda kufuta vioo.

Tena rangi ikiwa bado mbichi, inanata kuliko ulimbo, akaenda kuegesha nyuma ya mashine ya kukoboa, pumba zinapeperuka. Gari limerudi limeota manyoya. Mke wa jirani kamwamkia shikamoo, akaliona bampa, hata marahaba hakuisubiri. Kakimbilia ndani kucheka.

Jioni kuku wangu wote walikuwa wanadonoa lile bampa. Yeye kashika fagio, anawafukuza kama wezi.

Ninachoogopa ni kesho. Tunafuata mpunga wetu wote, chakula cha mwaka na ada ya Neema humo humo, na kopo la rangi limeisha.

Mungu anisamehe, lakini kesho kuku wote wa kutoka Idete mpaka hapa Mlabani watamwombea mume wangu maisha marefu.