Mikono Juu ya Kichwa cha Mzee Aumont

Jumatatu, 3 Februari 2025

Theluji mpaka magotini. Mabasi mawili kutoka Scarborough, nikafika kwa mzee Aumont nimechelewa. Hakugomba. Nilimkuta jikoni, amejivalisha shati jeupe mwenyewe — huwa namvalisha mimi. Ameomba nimwombee. Yeye! Profesa wa historia asiyekanyaga kanisani! Akanipa Injili ya Yohane niiweke juu ya kichwa chake, na mikono yangu juu ya kitabu, niseme Baba Yetu. Nikasema kwa Kiswahili, kama tunavyowafanyia wagonjwa kwenye kikundi chetu cha karismatiki. Akalia. Na mimi nikalia kidogo. Nimerudi nyumbani na furaha.

Jumanne, 4 Februari

Hakula. Uji hapana, supu hapana. Maji tu. Labda ni tumbo.

Jumatano, 5 Februari

Hakula tena. Nimemuuliza jikoni, ambako kamera haifiki. Binti yake Sabine aliifunga chumbani baada ya mzee kuanguka Krismasi. Anamtazama kwa simu kutoka Ottawa, na inasikia mpaka kikohozi.

Mzee akanieleza polepole, kwa Kifaransa chake cha kusini. Miaka mia nane iliyopita, huko kwao, waliishi Wakathari. Hawakutaka padri wala msalaba. Kwao mwili ulikuwa gereza la roho. Mtu akikaribia kufa, mtakatifu wao alimwekea kitabu kichwani na mikono, wakasali Baba Yetu — basi, roho imefunguliwa. Wengine hawakula tena mpaka wakafa, wasije wakajichafua. Papa aliwapelekea jeshi, wakachomwa moto. Mzee amewasoma miaka arobaini. Sasa anataka kufa kama wao.

"Na wewe ndiye uliyenifungua, Madame Généreuse," akasema.

Yesu wangu! Nilidhani naombea mgongo wake unaouma. Kumbe nimempa ruhusa ya kufa.

Alhamisi, 6 Februari

Nesi amekuja. Anasema mzee ana akili timamu, halazimishwi kula. Ameandika, ameondoka.

Sabine akapiga simu: baba anasemaje? Nikajibu anasema hana njaa. Ni kweli, alisema hivyo. Wakijua je? Mfanyakazi wa shirika la kutunza wazee, mkimbizi, faili lake bado liko uhamiaji — amemwekea mzee mikono na mzee ameacha kula. Nani ataamini ilikuwa sala? Kikundini leo sikwenda. Naiogopa mikono yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari

Hawezi kuinuka kitandani. Vifaa vyake vya kusaidia kusikia amevivua, eti havihitaji tena. Lazima nipaze sauti.

Nikamwambia mimi si mtakatifu, jana tu nimekula kuku. Akatabasamu. Zamani wangenikataa mlangoni, alisema, lakini siku hizi mtu huchukua anayempata. Kinachoharibu kabisa ni uongo. Aliyeweka mikono akiwa mwongo, wote aliowafungua wanafungwa tena.

"Nimekuchagua kwa sababu miaka miwili sijakusikia ukidanganya. Hata kikombe ulichovunja, uliniambia."

Njia nzima ndani ya basi nimeyawaza hayo. Kuna uongo mmoja. Hata humu sijawahi kuuandika. Mélissa sikumzaa. Ni mtoto wa dada yangu, aliyelala kaburini kwetu Uvira. Kwenye karatasi za uhamiaji niliandika nimemzaa, kwa kuogopa wangetutenganisha. Ana miaka kumi na mmoja. Amenifungulia mlango: "Mama, you okay?" Nikasema niko sawa. Uongo wa pili huo.

Jumamosi, 8 Februari

Midomo yake imepasuka. Hata maji leo anayakataa. Sabine anakuja kesho kwa treni. Mzee atafika kesho?

Akijua mikono ilikuwa ya mwongo, labda atakula. Nimefikiri kila njia ya kumwambia bila kamera kusikia. Kumpeleka jikoni — siwezi kumbeba peke yangu. Kumwandikia — macho yake hayasomi tena. Kuzima kamera — ikizimwa tu, simu ya Sabine inalia kule. Nimekaa na bakuli la uji mpaka ukapoa. Mficha uchi hazai, mama alikuwa akituambia. Nami nimeficha, na kweli sikuzaa! Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Nikamwinamia, nikanong'ona.

"Sikusikii, madame."

Nikapaza kidogo. Akatikisa kichwa, mkono nyuma ya sikio.

Nikapiga kelele. "Mélissa si mwanangu! Niliidanganya serikali! Mikono hii ni ya mwongo!"

Nilingoja anitukane. Akauliza tu mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akanyoosha kidole. Si kwangu. Juu ya kabati la vitabu, kwenye ile taa ndogo nyekundu ya kamera.

"Unajua inasikia?"

"Najua, Profesa."

Akafungua mdomo.

Vijiko saba vya uji. Sasa amelala. Niko jikoni, mwandiko wenyewe kama wa kuku. Sabine amepiga mara mbili, sijapokea. Katikati umeingia ujumbe wa Mélissa, anauliza narudi saa ngapi, na kama atie wali motoni.

Simu tena. Ottawa.

Nimemjibu Mélissa kwanza. Atie wali wa watu wawili. Bado inalia —