Nilikuja Kutembea, Wamenitafutia Kazi

Ijumaa, Februari 2006. Riverdale Park, Maryland.

Leo theluji imeacha kuanguka lakini haijaondoka. Imekaa pale nje, imegeuka rangi ya majivu, na mimi nimekaa humu ndani naitazama. Hatujazoeana.

Niseme ukweli kabla sijaanza kujipamba: tangu nishuke kwenye ndege sijaona kitu. Nimeona uwanja wa ndege, gari la Dada Salome na sebule hii yake. Mtu wa kwetu Kigoma akiniuliza Marekani ikoje, itabidi nimsimulie habari za zulia.

Nimeshona sare za shule mpaka macho yakaniuma ili nipate nauli. Sikutumwa na mtu. Sikuja kusoma, sikuja kuolewa. Nilitaka mara moja maishani niwe kwenye mji ambao hakuna anayenijua, nipotee mitaani, nile chakula nisichokijua jina, kisha nirudi sokoni kwenye fremu yangu ya kushonea na cherehani yangu. Hilo tu.

Kosa nimelifanya mwenyewe. Watu waliposikia nasafiri wakaleta mizigo ya ndugu zao walioko huku, na kwetu ukikataa mzigo wa mwenzio utasemwa mpaka uzeeni. Nikapokea dagaa, mawese, vitenge, hata majani ya dawa ya tumbo. Kila mmoja nikamwambia ndugu yake aje achukue hapa kwa Salome, mtoto wa mama yangu mkubwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wamepona kweli. Mgeni ndiye hali yake mbaya, maana kila asubuhi simu inalia: "Dada, leo usitoke, nikitoka job tu napitia mzigo wangu." Basi sitoki. Anakuja kesho yake, au haji kabisa. Na hata ningetaka kutoka, ufunguo wa nyumba ni mmoja, na Salome huondoka nao alfajiri kwenda kuhudumia wazee.

Wanaofika hawachukui mzigo wakaenda. Wanakaa, wanakunywa chai, wanauliza mimi ni wa ukoo gani, mama yangu ni nani, nasali wapi. Nimevuka bahari nzima kuja kuulizwa maswali ya mtaani kwetu.

Kisha wote wanamalizia na neno moja: usirudi.

Jana alikuja Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayekaa Bladensburg na kufanya usafi hotelini. Alifungua mfuko wa dagaa, akanusa, akafumba macho. Nilimpenda palepale. Nikamwambia natamani kwenda mjini kuona huo mji mkuu wao unaosemwa dunia nzima. Akanitazama kama anamtazama mtoto anayeomba mwezi.

"Kufanya nini? Miye tangu nilifika sijaonaka hata ile nyumba ya Président. Kazi, nyumba, kanisa, njo vile. Na weye utazoea tu, ma sœur, dada yangu."

Hakusema kwa uchungu, alikuwa anacheka. Alipoondoka nilifunga mlango nikasimama pale pale, naogopa. Niliogopa kwamba anasema kweli, kwamba nitazoea.

Leo mchana Salome amerudi na furaha tele, hata koti hakuvua.

"Nina good news! Jumatatu unaanza job. Kuna bibi kule Upper Marlboro, binti yake anatafuta mtu wa kukaa naye. Bibi mwenyewe mpole, utampenda."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu tunalisema kwa utani huku tunamwongezea mgeni chai. Hapa jembe lilikwisha tiwa mpini bila mimi kujua.

Nikamkumbusha kwamba tiketi yangu ni ya kwenda na kurudi. "Tiketi ni karatasi, mdogo wangu. Watu wanauza mashamba wapate viza kama hiyo, wewe unataka kuichezea?" Nikaomba pasipoti yangu. Aliichukua siku niliyofika akaiweka chumbani kwake isije ikapotea, nami nikashukuru.

"Ya nini? Unaenda wapi?" Kisha akashusha sauti. "Kwani Kaka Elia hajakwambia?"

Kaka Elia ni kaka yangu wa tumbo moja. Ameshampa mtu fremu yangu, ndivyo Salome alivyonieleza. Anauza simu pale sasa, huyo mtu. Cherehani iko stoo. Yeye na Salome walikubaliana kwa simu kabla sijapanda ndege, kwa faida yangu, wanasema.

Walinisindikiza familia nzima, wakaniombea, wakapiga na picha. Kumbe walikuwa wananihamisha.

Nimekasirika siku hizi zote kidogo kidogo, lakini leo nimekasirika mara moja. Nikasema sihitaji fremu. Nitarudi, nitashonea barazani kwa mama, nitashonea chini ya mwavuli. Nikasema Jumatatu siendi Upper Marlboro, wala Jumanne. Nikasema mimi si mzigo wa kuletwa na kupokelewa. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza.

Nilingoja anigombeze, yeye ni mkubwa wangu na nyumba ni yake. Akakaa kwenye kochi na koti lake.

"Sasa mimi nitabaki na nani?"

Wiki nzima nimekula chakula chake na sikuwahi kumuuliza huwa anakula na nani. Niliona friji imejaa, nikaona mapicha ukutani, nikadhani huyu kafika. Hata Kiswahili, ameniambia, kuna siku inapita hajakitamka isipokuwa kwenye simu.

Baadaye akaenda chumbani, akaniletea pasipoti na ufunguo. Sasa amelala kochini na sare zake, apumzike kidogo kabla ya kazi ya jioni, nami naandika taratibu nisimwamshe.

Kesho nitapanda basi la barabara ya Route 1 niende mjini, peke yangu, mwenye mzigo akija akute mlango umefungwa. Jioni nitarudi nimpikie, tule wote wawili. Na siku ya tiketi ikifika nitaondoka, hata akilia. Mungu anisaidie tu nisiwe wa kwanza kulia, maana nikianza mimi, sitaondoka tena.