Roketi Iliyolala Kwenye Nyasi

Isiolo, Alhamisi, 1978

Sijui nicheke au ninyamaze. Ngamia bado yuko nyuma ya nyumba, na hiyo yote ni kazi ya roketi.

Mume wangu, Baba Halima, alishaamua leo ampeleke sokoni auzwe, maana amezeeka na mvua imekataa kunyesha. Mama mkwe hataki kusikia. Ngamia huyo ndiye aliyebeba nyumba yao yote, miti na mikeka, walipohama kutoka Merti, na kwao mnyama aliyekubebea nyumba humpeleki kwa mchinjaji.

Jana jioni redio ikasema ile roketi kubwa ya Wamarekani, iliyokuwa ikipeleka watu mwezini, imestaafu. Moja imelazwa kwenye nyasi, na watu wanakuja kuitazama.

Mama mkwe akapiga makofi. "Umesikia? Hata Wamarekani hawachinji aliyewabebea mzigo!"

Shemeji Guyo, ambaye ni mwalimu, akaharibu. "Hapana, mama. Zile zilizobeba zilianguka baharini. Hii iliyolala haijawahi kubeba kitu."

Nikajua ngamia kwisha habari yake. Lakini mama mkwe alimgeukia mwanawe, Baba Halima, aliyekuwa amejinyoosha mkekani tangu adhuhuri, miraa shavuni.

"Haijabeba kitu," akasema polepole, "inalala tu, inatazamwa?"

Mimi nilijiziba mdomo na leso.

Mvua bado inanitia wasiwasi, na huyo ngamia anakula. Lakini leo Baba Halima aliinuka mwenyewe, na badala ya kwenda sokoni akachukua debe, akaenda kuteka maji. Miaka yote hii nilidhani hajui debe linakaa wapi.