Mama, Ulipoondoka na Sarakasi

Mpendwa Mama,

Leo nimechuma chai nusu siku tu, nikaja kukaa hapa nje ya jikoni nikuandikie. Tangu tukuzike sijawahi kukuhitaji kama wiki hii.

Unakumbuka sarakasi ya Karanja ilipokuja uwanja wa mpira wa kambi yetu ya wachuma chai? Nilikuwa na miaka sita, niko mabegani kwa Baba. Karanja aliuliza ni mama gani anaweza kudaka mipira ikirushwa mfululizo. Wachumaji wenzako wakakusukuma mbele, na aproni yako ya plastiki. Ulidaka wa kwanza, na mkono wako ukautupa nyuma ya bega, kana kwamba kikapu kiko mgongoni. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile! Mikono yako ilikuwa imezoea majani chai, haikujua njia nyingine. Watu walicheka hadi nyapara akashika mbavu.

Karanja peke yake hakucheka. "Leteni kikapu yake," akasema. Ukakivaa, akarusha tena, na bila kugeuka ukaiingiza yote.

"Mama huyu lazima tuende na yeye."

Na mkaenda. Sotik, Merigi, kisha miji ambayo sikuijua. Kambini nikaitwa mtoto wa sarakasi. Wengine walisema umeolewa na Karanja. Baba alinipikia uji na kunisuka nywele vibaya. Ulikuwa ukirudi Krismasi na suruali zinazometameta, nami najificha nyuma ya mlango. Nilikukasirikia, Mama. Bado nina hasira kidogo, na bado naringa nikikumbuka makofi uliyopigiwa.

Goti lilipokukatalia ukarudi kabisa, tukawa tunachuma pamoja. Siku moja nikakuuliza kama ulipenda ile mipira kuliko mimi. Hukuacha kuchuma.

"Wewe nilikupenda. Na ile kazi pia niliipenda. Sasa unataka nikudanganye aje?"

Nilinuna wiki nzima.

Sasa ni zamu ya Mercy, mjukuu wako. Alimaliza chuo pale Kabianga, na kundi la sarakasi limemchukua. Anatembea juu ya kamba. Ana mtoto wa miaka minne, Tasha. Akaniambia, "Mum, ukikataa kukaa na Tasha, siendi. Nitabaki tu hapa."

Yaani mimi, kati ya watu wote, ndiye wa kuulizwa hilo! Nilitaka kukataa. Najua vizuri mtoto anavyoukodolea macho mlango. Lakini nilimwona Mercy akiosha vyombo kama mtu aliyefungwa, nikashindwa. Nikamwambia aende, ila amuage mtoto mchana, akiwa macho.

Jana alimuaga. Tasha alilia mpaka akapaliwa. Nikambeba, nikamtuliza, nikainua macho kumtafuta Mercy. Alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, begi kando, analia kuliko mtoto.

Wewe uliondoka nikiwa usingizini. Mama, maisha yangu yote nimedhani ulitoka ukicheka.

Pumzika sasa. Tasha ameamka, ananiita.

Ni mimi,
binti yako.