Ubeti Nilioukata

Jumatano, baada ya isha

Sasa sijui nimsikilize nani.

Braza Kasimu, anayenifundisha udijei, kanipa zoezi la wiki nzima: nifunike skrini ya kompyuta kwa kanga nisione namba za mapigo, nilinganishe mapigo ya nyimbo mbili kwa sikio tu, niunganishe kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Leo, kwa mara ya kwanza, taarabu mbili zimeungana bila kujikwaa. Nikacheka peke yangu chumbani.

Mama, aliyekuwa sebuleni anachambua mchele, akaniita. "Mbona umekata?"

"Sijakata, mama. Nimeunganisha."

"Ubeti wa mwisho ndio wenye kijembe. Mie nilishainuka."

Nikatoka kumwangalia. Kweli alikuwa kasimama, ungo kauweka chini, kidole bado kiko juu.

Jumamosi napiga shughuli yangu ya kwanza, kichen pati ya kumfunda binti wa jirani anayeolewa, hapa hapa Temeke. Ukumbi mzima kina mama. Braza anasema dijei anayesubiri wimbo uishe si dijei. Nikimtii, na wao wakiwa wameshainuka…

Naogopa, basi.

Nimerudia zoezi mara nne. Mapigo yamekaa sawasawa kila mara, na mama hakuinuka tena.