Breki Haikukataa

Bongwe, Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha mtu ila yanachosha. Nina hasira na nimekosa wa kumwambia, basi naandika hapa.

Alhamisi kaka yangu Bakari aliazima pikipiki yangu ampeleke mkewe, Mwanasha, harusini Msambweni. Pikipiki hiyo ndiyo miguu yangu. Mimi hushona mapazia na kuyapeleka kwenye nyumba za wageni Diani. Kabla ya kufika Gazi walianguka. Bakari alichubuka goti. Mwanasha alivunjika mkono, na sasa umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko.

Nilipofika hospitalini, neno la kwanza la kaka lilikuwa, "Breki yako ilikataa."

Yako. Si ya pikipiki, yako.

Kila mtu hapa nyumbani anajua kwamba breki ile niliikarabati mwenyewe mwezi uliopita, barazani, juu ya gunia. Ilikuwa imeanza kushika na kukataa kuachia, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku kwetu hula chuma. Niliifungua kalipa, kile chuma kinachobana disku ya gurudumu la mbele, nikaisukuma pistoni nje kwa kuminyaminya mkono wa breki taratibu. Nikaukwangua uchafu uliogandamana pale zinapokaa sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, nikatia sili mpya nilizozipaka oili ya breki, si grisi ya kawaida, maana hiyo huvimbisha mipira. Nikatoa hewa mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Tangu siku hiyo nimeipanda kwa mvua na kwa jua, na haijanisaliti.

Leo asubuhi wazazi wa Mwanasha walikuja kutoka Waa kumjulia hali. Niliwaamkia, na baba yake akaitikia "marahaba" huku akitazama ukuta. Walipokwisha kukaa, mzee akauliza kwa ustaarabu ni nini hasa kilichotokea.

Bakari hata hakumeza mate. "Baba, breki haikushika. Dada aliifungua hapa nyumbani, akajifanya fundi."

Mama yangu akatikisa kichwa. Mwanasha akaitazama plasta yake. Mimi nikaambiwa niwaletee wageni chai, nikaileta. Nilimmiminia kikombe mama yake Mwanasha, aliyeniona kama mtu aliyetaka kumuua binti yake, na nikamwambia karibu.

Walipoondoka nilitandika gunia nikaifungua tena ile kalipa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuwaamini. Labda nilisahau kukaza bolti. Labda sili ilikaa upande. Nilitazama kila kitu. Pistoni iliingia na kutoka laini. Pedi zinazobana disku zilikuwa zimelika sawasawa. Hapakuwa na tone la oili lililovuja.

Breki ilikuwa nzima.

Mwanasha alitoka ndani, akaketi kizingitini.

"Wifi, usijisumbue," alisema. "Breki ilishika."

"Unasemaje?"

"Ilishika. Bakari alikuwa akiongea na simu, ameishika kwa mkono wa kushoto. Alipoinua macho, ng'ombe walikuwa wanavuka. Akaiminya breki yote kwa pupa, na pale pana mchanga. Gurudumu likateleza."

"Na ukanyamaza mbele ya baba yako?"

"Baba akijua, atanirudisha Waa leo hii. Sitaki kutengana na mume wangu kwa ajili ya simu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni dada yake," alinijibu. "Dada hapewi talaka."

Niliziacha bolti pale pale juu ya gunia.

Nilimwendea mama jikoni nikamweleza. Hakushangaa. Aliendelea kukuna nazi, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa akijua tangu awali.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Ndoa ya kakako itavunjika. Wewe utapoteza nini?"

Alasiri nikajua nitapoteza nini. Alikuja Rehema, mama mmoja anayeuza samaki mitaani kwa pikipiki yake. Yeye aliniletea pikipiki hiyo Jumatano nimtengenezee breki kama yangu. Leo alikuja kuichukua, na sikuwa nimeigusa ila kuikagua na kumnunulia sili mpya. Nilimwambia asiipande, pistoni imeganda kwa kutu, siku yoyote itamwacha njiani.

"Nimesikia yaliyompata wifi yako," alinijibu kwa upole. "Nitampa fundi mwingine, nikipata nafasi."

Nikipata nafasi! Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilisema yote, pale uani, mama na Mwanasha wakiwa wamesimama mlangoni: simu, ng'ombe, mchanga, na breki iliyofanya kazi yake. Rehema akamgeukia Mwanasha.

"Ni kweli, mwanangu?"

Mwanasha akajivuta mtandio. "Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho."

Rehema akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayemsingizia kakake ili ajiokoe. Akaaga, akapiga kiki, akaondoka na breki mbovu. Nilimsikia akiburuza miguu kwenye kona, kwa kuwa breki hiyo haimtoshi tena.

Bakari aliporudi alikuwa ameshaambiwa. "Unataka kunivunjia nyumba," alisema, kisha akaniuliza kama breki imeshafungwa, kwani kesho ana safari na pikipiki.

Nilimwambia ufunguo utakaa kwangu. Mama alisema nina roho ngumu. Tangu hapo hajaniita hata kula.

Basi nimeusema ukweli, nao haukunisaidia kitu. Sikuaminiwa, na nyumbani nimekuwa adui. Najiuliza kama ningenyamaza ningelala vizuri zaidi. Huenda. Lakini kila nikifikiri hivyo namwona Rehema akiteremka kuelekea barabara kuu na mzigo wa samaki nyuma yake.

Zile sili nilizomnunulia bado ziko hapa, katika karatasi yake. Asubuhi nitazipeleka kwake, azitie fundi yeyote anayemwamini. Asiponifungulia nitaziacha mlangoni na nitabisha mpaka azione.

Kaka sina la kumpelekea.